Dekoderi waliyoniuzia kuwa ni «ya bure»

Leo nitawaeleza jambo lililonipatia haya mbele ya watu wangu mwenyewe, halafu nitawaeleza vile nilitoka mu ile haya kwa bei ya mufuko moja wa bunga.

Tulikuwa mu mazungumzo na wakubwa wa kazi. Ninyi wenye kufanya kazi mu migodi munajua vile inakuwa: delege wanaingia asubuhi mu chumba cha mikutano, wanatoka magaribi, na watu wanabaki inje wanangoja kusikia kama mushahara utapanda ao hapana. Siku ya tatu, wakati tulitoka, mwandishi wa habari wa televizio moja ya muji alitukuta ku mulango na kamera yake. Nikasema wazi kile tulikubali na kile tulikataa. Akaniambia: itapita leo, mu habari za 19h30.

Kwa mutu wa sendika hii si kitu kidogo. Kwetu kuko ugonjwa moja wa zamani: delege akikawia mu biro ya wakubwa, watu wanaanza kusema amekula. «Bamemupa envelope.» Dawa yake ni moja tu, watu wasikie na masikio yao yale ulisema, na mudomo wako wanauona. Basi nikaita wenzangu wa ekipi waje ku nyumba, Katuba. Tulikaa watu kumi na moja mu saloni, wengine chini, watoto ku mulango. Muke wangu akachemusha chai.

19h30 ikafika. Nikawasha. Kioo kikawa cheusi, na maandishi ya kifaransa katikati: abonema yako imekwisha, tafazali lipa.

Kijana mmoja wa ekipi ya usiku akaniangalia. «Delege, iko namna gani? Umefunga televizio juu tusisikie?»

Wote wakacheka. Lakini mimi ninajua kicheko cha kweli na kicheko cha nusu. Ile ilikuwa ya nusu.

Ile dekoderi niliinunua miezi michache mbele, ku soko ya Kenya. (Ninasema komini ya Kenya, hapa kwetu Lubumbashi. Inchi ya Kenya tutaifikia pia, mungoje kidogo.) Muuzaji aliniapia: «Papa, hii njo ya bure. Unaweka tu ka-antene mu nyumba, unaangalia. Hakuna kulipa.» Na kweli, mwezi wa kwanza tuliangalia kila kitu: mupira, sinema, mambo ya India, muke wangu alifurahi sana. Kumbe ule mwezi ulikuwa wa kuonjesha tu. Nyuma yake, nikaanza kulipa. Nikipima, kila miezi miwili ilikuwa inakula mufuko moja wa bunga wa kilo 25. Na siku umeme hauko, mwezi unatembea tu. Jirani yangu alikuwa na neno lake juu ya hii: «Ninalipaka siku makumi tatu, ninaangaliaka kumi na tano. Zile zingine nani atanirudishia?» Hakuna mwenye kujibu.

Kesho yake, nikachukua dekoderi yangu chini ya mukono, nikaenda kwa fundi mmoja wa radio na televizio anayefanyia kazi chini ya muembe, ku Katuba hapa hapa. Nilikuwa na hasira. Nilitaka anifungulie ile kitu, aondoe kifuli. Hakushika hata bisibisi. Aliipindua tu, akanionyesha maandishi madogo yaliyo chini.

«Delege, unajua kusoma convention collective kurasa makumi. Hii mustari moja ilikushinda?»

Basi haya ndiyo yale alinifundisha, na ninayaandika hapa juu nimeona watu wengi ku soko wanadanganywa vile nilidanganywa.

Dekoderi zote zinafanana kwa inje, sanduku jeusi na taa ndogo. Tofauti iko mu herufi. Mukikuta imeandikwa DVB-S ao DVB-S2, ile S ni ya satelite: bila parabole inje ya nyumba haitawaonyesha kitu hata kimoja. DVB-C ni ya waya, na hii kwetu muiache. Ile inayofanya kazi na antene ya kawaida, yenye kushika mawimbi yanayotoka ku munara wa hapa chini, ni DVB-T, na ile ya kisasa ni DVB-T2. Mununue yenye 2. Dekoderi ya T2 inasoma pia zile za T, lakini T ya zamani haiwezi kusoma T2. Muangalie pia kama imeandikwa MPEG-4. Ile yenye kujua MPEG-2 peke yake imepitwa na wakati, hata kama bei yake inavuta.

Nyuma ya herufi, muulize swali la pili: hii sanduku ni ya nani? Kuko sanduku zinazotoka kwa kampuni ya abonema. Zile ni sawa na mulango ambao ufunguo unabaki kwa mwenye nyumba: siku ya kodi ikipita, anafunga. Na kuko sanduku zisizo na kampuni, zinazotafuta peke yao kila kitu kinachopita wazi mu hewa na kukileta ku kioo. Ya kampuni mara nyingi iko na jina la kampuni kubwa mbele, na kitundu cha kuingizia karti ao namba ya abonema. Ile nyingine iko na jina la kichina ambalo hakuna mutu anakumbuka, na muuzaji anaiita tu «TNT». Na wale wanaoleta dekoderi za abonema kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, fundi aliniambia anawaona kila wiki: sanduku ni nzuri, lakini imefungiwa na kampuni yake ya kule, huku inabaki pambo.

Fundi akanipa kadekoderi ka T2, kadogo sawa na kitabu cha sala. Bei yake, mufuko moja wa bunga, mara moja tu. Nikauliza antene ya dijitali iko bei gani. Akacheka tena.

«Antene ya dijitali haiko, Delege. Antene haijuake dijitali, haijuake analojia. Yeye anakamata tu mawimbi. Kwenu hakuna ya zamani?»

Ilikuwako. Na hapa ninawaomba ruhusa nitoke kidogo mu hadisi.

Papa wangu alitumika Gécamines. Alikuwa mu hesabu ya wale 10 655 walioondoka mu kazi wakati wa Départs volontaires, iliyoanza 2003. Kila familia ilifanya na ile franga yake vile iliona: wengine gari ya taxi, wengine shamba, wengine duka lililokufa mbele ya mwaka kwisha. Papa alilipa masomo yetu, alitengeneza paa, na kile kilibaki akanunua televizio, ile ya zamani yenye mugongo mukubwa, nzito ya kubebwa na watu wawili. Na antene ya mezani yenye mikono miwili mirefu na duara ndogo katikati. Papa hayuko tena. Televizio iko. Sisi tulikuwa tumeitupa mu chumba cha nyuma, watoto wanasema ni ya makumbusho, wanataka ile bapa.

Siku ile tuliitoa. Fundi alikuja mwenyewe. Dekoderi ndogo iko na matundu matatu nyuma: la manjano ni la picha, jeupe na jekundu ni ya sauti. Televizio ya Papa iko na yale yale matundu matatu mbele. Waya moja, dakika mbili. Kama televizio yenu ni ya juzi, mutatumia waya wa HDMI, na picha itakuwa safi zaidi. Na mbele ya kununua sanduku yoyote, mufungue meni ya televizio yenyewe: nyingi zinazouzwa sasa ziko na T2 ndani tayari, hazina lazima ya dekoderi.

Kuhusu antene: ile mikono mirefu ni ya mawimbi ya VHF. Ile duara ndogo ambayo watoto wanaivunjaka kwanza, ile ndiyo ya UHF, na dijitali inapita zaidi mu UHF. Kwa hiyo musiitupe. Kisha mahali pa kuiweka. Mimi niliiweka juu ya televizio, sawa na zamani. Dekoderi ikatafuta, haikupata kitu. Nyumba yetu ni ya matofali lakini paa ni mabati, na bati linafukuza mawimbi. Fundi akaipeleka ku dirisha, lakini dirisha liko na vyuma vya kuzuia wezi. Akaiinua juu ya vile vyuma, akaigeuza polepole upande wa munara, na jirani anapiga kelele inje kutuonyesha upande. Tukaanzisha tena ile kazi ya kutafuta shene peke yake, ile wanaiita ku kioo «recherche automatique». Namba zikaanza kupanda.

Mujue pia hii: dijitali haina huruma ya analojia. Zamani mawimbi yakiwa mabaya, picha ilijaa mvua, sauti inakwaruza, lakini habari unaisikia. Dijitali iko namna mbili tu: ama picha safi sawa na maji ya kisima, ama picha inavunjika vipande vipande na kukauka. Hatua moja ya antene inatosha kutoka huku kwenda kule. Ndiyo maana usiseme «hakuna mawimbi huku kwetu» mbele ya kujaribu dirisha tatu na masaa tofauti. Kwa wale wanaokaa mbali na munara, kuko antene zenye ka-amplifikateri ndani, zinazopata nguvu kutoka dekoderi yenyewe: mu meni unatafuta mustari wa kutuma umeme ku antene, unauwasha. Lakini ile amplifikateri inakuza mawimbi pamoja na makelele yake. Kama mawimbi hayafiki kabisa, itakukuzia makelele tu. Pale antene ya inje, juu ya muti murefu, ndiyo dawa.

Kazi ya kutafuta ilipokwisha, tulikuwa na orodha. Zingine ziko na alama ya $ pembeni ya jina. Zile ni za kulipa, zimefungwa, dekoderi inaona jina lakini haiwezi kufungua. Zisizo na alama ni zenu. Hazikuwa nyingi, sitawadanganya. Mupira mukubwa wa Ulaya haukuwako, na muke wangu alisikitika juu ya mambo yake ya India. Na orodha ya Katuba si lazima iwe orodha ya Ruashi ao ya Kampemba. Kwa hiyo mukubaliane na muuzaji: ninaenda kujaribu ku nyumba, kisipopata kitu ninakirudisha kesho. Akikataa, mutafute mwingine.

Na umeme. Ukikatika, muchomoe, juu wakati unarudi unarudi na hasira, na kitu cha kwanza kinachokufa ni kale kadekoderi. Muangalie pia chaja yake: kama imeandikwa 12V, mutu mwenye batri ya solere anaweza kuiwashia na batri, pamoja na televizio ndogo ya 12V.

Sasa, juu ya nini tuko mu hii shida? Juu kuko mapatano. Mu juin 2006, ku Genève, inchi za Ulaya, za Afrika na za upande wa Mashariki ya Kati zilikubaliana kuacha analojia. Tarehe ya mwisho ilikuwa 17 juin 2015 kwa UHF, na inchi zingine zilipewa hadi 17 juin 2020 kwa VHF. Sababu ni nafasi mu hewa: pale shene moja ya analojia ilikuwa inakaa peke yake, dijitali inaingiza kumi na zaidi. Nafasi inayobaki inapewa kampuni za telefone, na kampuni zinalipa inchi kwa ile nafasi. Mutu wa sendika akisikia neno «zinalipa», anauliza moja kwa moja: na mwenye televizio ya zamani atapata nini? Kwetu 17 juin 2015 ilifika, ikapita, analojia ikaendelea. Dijitali nayo ikaingia pembeni, zaidi kwa mulango wa abonema. Ndiyo sababu watu wengi hapa wanafikiri dijitali na kulipa ni kitu kimoja. Si kimoja.

Ku Marekani, mbele ya kuzima analojia 12 juin 2009, serikali ilitoa karatasi za kupunguza bei, dola 40 kila moja, mbili kwa nyumba, ili watu wanunue dekoderi. Afrika ya Kusini ilipanga kutoa dekoderi kwa familia maskini karibu milioni 5, na kazi ile ikakawia miaka na miaka. Lakini mimi ninapenda kuangalia wale tunaosema nao lugha moja. Tanzania ilianza kuzima analojia ku Dar es Salaam usiku wa 31 décembre 2012. Wao wanaita dekoderi «king'amuzi». Na waliweka sheria moja ninayoitamani: shene kubwa za inchi, zile za TBC, ITV na wenzake, ziendelee kuonekana ku ving'amuzi vya antene hata kama franga ya mwezi imekwisha. Mu 2018 kukatokea ugomvi juu ya zile za parabole, ambazo kibali chao hakikuwaruhusu kubeba shene za bure. Walakini neno lilikuwa limesemwa: kuko sehemu ya televizio isiyofungwa na kifuli cha abonema.

Inchi ya Kenya ilipitia njia ya miba. Mu février 2015, analojia ilipozimwa, NTV, KTN, Citizen na QTV zilikaa giza karibu wiki tatu, juu wenyewe walitaka kurusha dijitali yao badala ya kubebwa na wengine. Karibu wiki tatu inchi kubwa bila habari za zile televizio! Nilipoeleza ile ku ekipi, wazee walinikumbusha kwamba sisi pia tunajua giza: mu 2016, Nyota na Mapendo zilifungwa hapa Lubumbashi, na pale hakuna antene inayosaidia, hata ungepanda nayo juu ya terril.

Munaweza kuniuliza: shene chache za muji, juu ya nini kuzililia? Mupira uko ku baa. Sinema ziko ku telefone. Ni kweli, lakini ku dekoderi ya kulipa nitaona mvua ya Paris, sitaona kwamba barabara ya Kasumbalesa imefungwa. Na lugha. Nilikuwa mutoto mu miaka ya Zaïre wakati Groupe Mufwankolo walikuwa wanacheza michezo yao ku televizio ya Lubumbashi, mu kiswahili chetu hiki hiki, cha soko na cha kambi ya wafanyakazi. Mu 1986 walitengenezea televizio mchezo juu ya utawala, na mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, akauandikia kitabu kizima kilichotoka 1990. Mutu alitoka mbali kuandika kitabu juu ya kitu ambacho sisi tulikiona bure, mu saloni, na mikono miwili ya antene.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa wenye kupanga mambo ya televizio, na nimeshaanza kulisema mu mikutano yetu: kampuni yoyote inayouza dekoderi ya abonema mu Haut-Katanga, siku franga ya mutu inakwisha, ifunge mupira, ifunge sinema, ni haki yake. Habari za muji na shene ya serikali zibaki wazi. Na muuzaji aandike ku sanduku, kwa kiswahili, na herufi kubwa: YA KULIPA ao YA BURE.

Wiki mbili nyuma ya ile haya, tulikuwa tena ku mazungumzo, na mwandishi wa habari alikuwa tena ku mulango. Nikaita tena ekipi. Walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, saba, na yule kijana wa ekipi ya usiku alikuwa mu wale saba. Televizio ya Papa ilikuwa juu ya meza, inapashwa moto polepole sawa na zamani. 19h30 picha ikatokea, safi. Nilipotokea mimi na koti langu la kazi, ikaanza kuvunjika vipande, juu mutoto aliegemea dirisha.

«Muache, muache!» yule kijana akasema. Akasimama yeye mwenyewe, akachukua antene juu ya vyuma, akaigeuza kidogo. Sauti yangu ikarudi, inasema asilimia tuliyoomba na asilimia waliyotupa. Hakurudi kukaa. Alibaki pale ku dirisha, antene mu mukono, mpaka habari zikaisha.